Salamu Marufuku

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini nililiandika kwa herufi kubwa, nikaliwekea na alama tatu za mshangao ili lisimpite mtu. SALAMU MARUFUKU KWENYE GRUPU HILI!!! Nilituma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chapati pale sokoni Bariadi, nikajiona nimefanya kazi. Mpaka leo naujutia mstari ule, kwa sababu kuna bibi mmoja ambaye uhai wake ulikuja kuning'inia hapo, na mimi sikujua.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Nilipopangiwa Bariadi nilikuja na begi moja, jiko la gesi na mdomo wangu, na katika hivyo vitatu ni mdomo ndio ulionipa tabu zaidi. Ni afisa maendeleo ya jamii. Katika mambo niliyokabidhiwa, mojawapo ni kuvifundisha vikundi kutumia mitandao ya kijamii: kufungua ukurasa, kupiga picha bidhaa, kumjibu mteja kabla hajaenda kwa mwingine. Nimewafundisha wafuga nyuki, wanakwaya, waendesha bodaboda, na kikundi kimoja cha wazee wa ngoma ambao hawakutaka kuuza kitu, walitaka tu wajukuu wao walioko Dar wawaone wakicheza. Kazi naipenda. Tatizo ni kwamba nina hasira za karibu. Nikimwambia mtu bonyeza hapa, akabonyeza pale, damu inanipanda, na sijui kuificha.

Na wenyeji wa huku ni watu wa taratibu. Ukimkuta mtu analima, ataweka jembe chini kwanza, akusalimie wewe, na wazazi wako, na watoto, na mifugo, na mvua ya kwenu, ndipo umuulize njia ya kwenda shuleni. Mwanzoni nilikuwa namsikiliza huku naangalia saa.

Kikundi ninachotaka kukisimulia kiko Kasoli, kule pamba inakolimwa hadi mlangoni mwa nyumba. Ni wanawake kumi na wanne. Wanatengeneza michembe, yaani viazi vitamu vinavyokatwa vipande vikiwa vibichi vikaanikwa, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Wanaanikia juu ya majabali, kwa sababu jiwe linashika joto na halina mchanga. Mwenyekiti wao ni mama mwenye mwili na sauti, aliyewahi kuwa karani kwenye ghala la pamba, na akizungumza hata mbuzi wanasimama. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu Kisukuma kilipokolea.

Na alikuwepo bibi. Wenzake walimwita mayu, yaani mama, ingawa kwa wengine angeweza kuwa bibi mzaa mama. Umri ulikuwa umepita sabini. Mjane, anaishi peke yake kwenye kaya ya mwisho kabla ya mbuga, watoto wake wamehamia Geita na Katavi kufuata mashamba. Hajui kusoma. Simu ya kupangusa alinunuliwa na mwanawe wa Geita, naye aliibeba imefungwa kwenye kitambaa kama yai la kutotolesha.

Somo la kwanza lilikuwa la picha. Nikawaambia: picha iwe ya bidhaa peke yake, juu ya kitambaa cheupe, kwenye mwanga wa asubuhi. Kila picha iliyoletwa ilikuwa na mtu. Matobolwa kwenye ungo, na nyuma ya ungo mama amesimama wima, hacheki, kana kwamba anapigwa picha ya kitambulisho. Nikafoka. "Jamani, nimesema matobolwa! Mteja ananunua chakula, hawanunui nyie!"

Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, vile anavyoulizwa mgonjwa, "Sasa mwalimu, atajuaje kimetoka kwa nani?"

Nikasema tuendelee na somo la pili.

Bibi nilimfundisha kitu kimoja tu, kutuma sauti. Shika hapa, sema, achia. Akashika kwa kidole gumba, akaiinamia simu, akaiamkia: "Mwangaluka!" Ndiyo salamu yao ya asubuhi. Kisha akatega sikio. Nikamwambia simu haijibu, bibi, wanaojibu ni watu. "Basi nitawangoja," akasema, akaiweka mapajani.

Nilipowafungulia grupu, nilidhani wataongea biashara. Loo! Sikujua nimefungua nini. Kwa desturi yao salamu haimwagwi kwa watu wote kwa mkupuo mmoja. Kila mtu anaamkiwa peke yake, kwa nafasi yake na hali yake, na aliyeamkiwa lazima aitikie, kwa sababu asiyeitikia ama amekasirika ama ana jambo. Wale wanawake waliichukua desturi hiyo nzimanzima wakaiingiza kwenye grupu, halikubaki hata pande moja nje. Watu kumi na wanne, kila mmoja anawaamkia wenzake kumi na watatu: piga hesabu. Mimi nilipiga. Mia moja themanini na mbili, kabla hawajaitikiana, na jua bado halijatoka vizuri. Simu yangu ilikuwa inatetemeka juu ya stuli hadi inadondoka.

Bibi, kwa kuwa haandiki, alituma sauti. Dakika tatu, dakika nne. Kwa Kisukuma, pole pole, mtu mmoja mmoja: mguu wa yule, mimba ya huyu, ndama wa fulani aliyekataa kunyonya. Akishamaliza wote anapumzika kidogo, unasikia jogoo wake, kisha anasema wabeja, asante, na kuachia kidole. Mimi nilikuwa nasikiliza sekunde tano za kwanza, basi.

Kilichonimaliza ni mnunuzi wa Maswa. Nilimpata kwa jasho langu, mwenye duka la nafaka, mtu wa maneno machache. Nikamwingiza kwenye grupu jioni moja. Asubuhi akauliza swali la maana kabisa: hayo matobolwa ni ya viazi vyeupe au vya njano, na kwa mwezi mnaweza kuleta magunia mangapi? Swali likazama. Juu yake zilishuka mwangaluka mia na ushee. Swali halikujibiwa, ila yeye mwenyewe aliamkiwa, tena sana. Bibi alimtumia sauti ya dakika nne akimuuliza habari za mama yake mzazi, na kwao ni upande gani, na ng'ombe wameamkaje. Saa tatu ukaja ule mstari mdogo wa kusema mtu ametoka. Ndipo, nikiwa kwenye foleni ya chapati, nikaandika herufi zangu kubwa.

Wiki ile ile nikaenda Kasoli kutia mkazo. Tulikutana kwenye ofisi ya kata. Nikawaeleza mambo ya bando, mambo ya mteja, nikasema grupu ni duka na dukani watu hawaji kuulizana habari za ndama. Wakanisikiliza kwa heshima zote. "Sawa mwalimu," wakasema. Bibi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa nikiamka, nitamwambia nani?"

Alikuwa anauliza kweli. Alitaka kuelekezwa, maana mimi ndiye mwalimu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Waambie kuku wako, bibi."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akajifunika mdomo kwa kitenge. Nilirudi Bariadi kifua mbele, najiona ninajua kuendesha mkutano.

Grupu likawa safi. Asubuhi kimya. Mchana picha mbili, "mzigo upo", "tunaleta Alhamisi", basi. Bibi hakutuma tena sauti. Sikuligundua hilo. Ningeligunduaje, wakati ndicho nilichokuwa nakitaka? Nilikwenda Maswa kufundisha kikundi kingine, nikawatolea mfano wanawake wa Kasoli: angalieni wenzenu, nidhamu! Mkuu wangu wa idara akasema kwenye kikao kwamba watu wa Kasoli wanajielewa, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Ningependa kusema kwamba mauzo yalipanda. Sikumbuki yalipanda.

Ikaja Julai, wakati wa kipupwe, viazi vimechimbwa na majabali ya Kasoli yote yamejaa vipande vyeupe. Nilikuwa ofisini nakunywa chai, kama saa tatu hivi asubuhi, mwenyekiti akanipigia. Huyu mama hupiga kelele kwenye simu hata akiwa na habari njema. Siku hiyo alisema taratibu, nami nikaogopa kabla sijajua ninaogopa nini.

"Mwalimu, tuko njiani na mayu. Ameanguka jabalini. Jana magharibi. Tumemkuta leo asubuhi. Njoo hospitali."

Nilifika nikawakuta wanamshusha kwenye bajaji ya mizigo, amelazwa juu ya godoro. Midomo imepasuka, uso una vumbi, mguu mmoja umekaa upande usiokuwa wake chini ya kitenge. Alikuwa amepanda jabalini jioni kukusanya michembe ili isiloane na umande. Akateleza, akaangukia upande wa pili, kati ya jiwe na kichaka. Simu aliiacha nyumbani. Aliita mpaka sauti ikakauka, lakini kaya yake ni ya mwisho, upande ule anayekusikia ni mbuga tu. Akalala pale pale, kwenye baridi ya Julai, mtu wa umri ule.

Daktari alikuwa kijana, wa kuja kama mimi. Akasema mfupa wa nyonga umevunjika na mwili umeishiwa maji. Akasema angekaa pale mpaka jua la leo lizame, tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Nikamuuliza mwenyekiti swali ambalo yeyote angeuliza. "Mlijuaje? Mbona kwake ni mbali na watu?"

"Hakutuamkia."

"Hakuwaamkia wapi?"

Kwenye benchi la korido walikuwa wamekaa wanawake watano wa kikundi, na wote watano wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Mwenyekiti akavuta pumzi, akatoa simu kifuani, akaifungua, akanionyesha. Grupu. Jina lake Mwangaluka. Wamo wote kumi na wanne. Lilifunguliwa siku ile ile ya mkutano wetu wa ofisi ya kata, hata nusu saa haikupita tangu niondoke.

Nitasema ukweli, maana nikijipamba hapa sina sababu ya kuandika. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa shukrani. Ilikuwa hasira. "Kwa hiyo mlikuwa mnanichezea shere? Sawa mwalimu, sawa mwalimu, kumbe mnanifanya mjinga!" Nesi akachungulia akaniambia dada, hapa kuna wagonjwa.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Mwalimu, ulikataza kwenye grupu lako. Tukakuachia, likawa safi. Hili si lako."

Kisha akanieleza ilivyokuwa. Kila siku bibi ndiye wa kwanza kusikika, kabla jua halijatoka. Asubuhi ile hakusikika. Wakamwamkia wao. Hakuitikia. Akamwamkia wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano alipomwamkia, jirani wa karibu alikuwa ameshashika njia ya kwenda kwake, na mwenyekiti ameshamwita mwenye bajaji. Hakuna hata mmoja aliyesema labda simu haina chaji, labda amelala, tungoje. Kwao asiyeitikia salamu ana jambo, na mtu mwenye jambo anafuatwa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikaa kwenye lile benchi nikawaza kwamba kama hawa wangelisikia la mkuu, yaani mimi, leo tungekuwa tunatafuta sanda. Hasira ikanitoka yote mara moja, na nyuma yake hakikubaki kitu cha kunizuia. Nililia vibaya, kwa kwikwi, mtu mzima, na kitambulisho changu cha kazi kimening'inia shingoni. Mwenyekiti akanishika bega. "Acha mwalimu, mgonjwa atakuona."

Lakini shughuli ilikuwa haijaisha. Mchana daktari akatuambia nyonga ile inahitaji upasuaji, na upasuaji wenyewe ni Mwanza. Bila upasuaji bibi hatatembea tena, na kwa umri wake kitanda chenyewe ndicho kitakachommaliza: kifua, vidonda, kidogo kidogo. Gari la wagonjwa litaondoka alasiri. Bibi akasikiliza akitafsiriwa, akatikisa kichwa.

"Siendi."

Tukambembeleza. Mwanawe wa Geita akampigia, akamwambia atamkuta huko huko Mwanza. Siendi. Mwenyekiti akajaribu ukali, maana anao. Siendi. Mwishowe akasema kwa nini, kwa Kisukuma, macho yakiwa kwenye dari, na mwenyekiti akanigeuzia kwa Kiswahili huku hanitazami: "Anasema huko hakuna anayemjua. Anasema, nikiamka huko, au nisipoamka, nani atajua?"

Lilikuwa swali lile lile aliloniuliza mimi kwenye ofisi ya kata, na mimi nikampa kuku. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwenyekiti akafungua kile kitambaa cha simu. Jirani alikuwa ameipitia nyumbani kwake asubuhi ile ile, na chaja pia. Akamwekea mkononi. "Mayu, utatuamkia kutoka huko huko. Sisi tutakuitikia. Mwanza si mbali kwa sauti."

Bibi akaishika simu. Kisha akanigeukia mimi. Kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa, akauliza, "Mwalimu, inaruhusiwa?"

Hakuwa ananisuta. Ningekuwa naweza kuvumilia kama angekuwa ananisuta. Alikuwa anaomba ruhusa, bibi wa watu, na sindano ya dripu mkononi.

"Inaruhusiwa, bibi," nikasema. "Wallahi inaruhusiwa. Asubuhi, mchana na jioni." Akafikiri, akasema basi atakwenda.

Tulipokuwa tunangoja gari, mwenyekiti akaniingiza kwenye lile grupu, bila sherehe. Lakini ukiingizwa kwenye grupu leo, ya jana huyaoni. Hilo mimi mwenyewe ndiye huwafundisha. Nikaona ukurasa mtupu. Nikamwomba, nikiwa na haya, kama anaweza kunisikilizisha sauti za bibi za siku zilizopita. Akanitazama kama anapima jambo, kisha tukatoka, tukakaa kwenye ngazi upande wa kivuli, akaanza kuzichezesha na kunitafsiria.

Ya kwanza ilikuwa ya asubuhi iliyofuata mkutano wetu. Bibi anasema: "Leo nimewaamkia kuku kwanza, kama mwalimu alivyoagiza. Wameitikia vizuri. Sasa nawaamkia nyinyi." Mwenyekiti akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka, ila yangu yalikuwa machozi mengine.

Akaendelea kutafsiri. Bibi akawapitia wote kumi na watatu. Baada ya wa mwisho nikadhani amemaliza. Jogoo akawika. Kisha akasema maneno mengine, na katikati yake nikasikia neno mwalimu.

"Anasemaje hapo?"

Mwenyekiti akakohoa. "Hapo anakuamkia wewe. Anasema, na yule mwalimu wetu, mtoto wa watu, aliyemwacha mama yake mbali huko, ameamkaje?"

"Lakini mimi sikuwemo humu."

"Ndiyo. Kwa hiyo tulikuwa tunakuitikia sisi."

Nikamwomba achezeshe nyingine. Nimo. Nyingine. Nimo. Kila asubuhi, wiki baada ya wiki, mwisho wa orodha, mimi. Na chini yake majibu ya wenzake, maana wawili kati yao huleta mboga sokoni Bariadi na hunipita kila siku bila mimi kuwatambua. Mwalimu ameamka salama, nimemwona ananunua maandazi. Mwalimu ameamka, ila leo kanuna. Mwalimu anakohoa tangu juzi, mwambieni anywe kitu cha moto. Kulikuwa na siku mbili nilipokuwa Maswa na hakuna aliyeniona. Siku ya pili bibi alikataa kufunga salamu mpaka mtu ahakikishe. Basi mwenyekiti akanipigia, akasingizia anauliza habari za mifuko ya kufungia. Ile simu naikumbuka. Nilimjibu kwamba mifuko nilishaieleza, mbona hamwandiki mambo mnayofundishwa, nikakata. Yeye akaandika kwenye grupu: mwalimu yupo, mzima, ana nguvu ya kugomba.

Miaka mitatu nilikuwa naishi Bariadi nikiamini naishi peke yangu. Nilikuwa nafunga mlango jioni, nafungua asubuhi, nasema moyoni hapa hata nikifa itajulikana kwa harufu. Kumbe kila siku, kabla sijapiga mswaki, nilikuwa nimeshaulizwa, na kabla ya mchana nimeshajibiwa. Nawashukuru wale wanawake, na nitawashukuru mpaka naingia kaburini. Nawashukuru kwa kunitunza, na nawashukuru zaidi kwa kutonitii.

Bibi akaenda Mwanza. Kila asubuhi alituamkia kutoka wodini, na nyuma yake badala ya jogoo tukasikia vyuma vya vitanda. Akaongeza watu kwenye orodha: mgonjwa wa kitanda cha kushoto, nesi wa zamu, mama mfagiaji ambaye mtoto wake anaumwa. Mimi nikawa naitikia mwenyewe, kwa Kisukuma cha kuokoteza. Mhola duhu, mayu. Salama tu, mama. Wenzangu walinicheka kwenye grupu mpaka wakachoka.

Ikafika siku ya upasuaji. Asubuhi yake akatuambia kwamba madaktari watamlaza usingizi mzito, na kwamba kesho, Mungu akipenda, ataamka. Alisema hivyo tu, ataamka, kama mtu anayesema atakwenda kuteka maji. Jioni mwanawe akatuma ujumbe kwamba ametoka chumba cha upasuaji lakini bado hajazinduka vizuri. Baada ya hapo simu ya mwanawe ikawa haipatikani.

Kesho yake nikaamka kabla ya adhana. Wenzangu walikuwa wameshaanza. Mmoja mmoja walimwamkia bibi, peke yake, wote kumi na watatu, na mimi nikawa wa kumi na nne. Halafu grupu likanyamaza. Hakuna aliyetuma picha ya maua, hakuna aliyeandika tumwombee, hakuna hata aliyemwamkia mwingine. Saa kumi na mbili. Saa moja. Saa mbili nikaenda ofisini. Mwenyekiti akaandika neno moja, "Tungoje," na yule si mtu wa kungoja.

Saa tatu tukaingia kwenye kikao cha idara. Mkuu wa idara alikuwa anapitia mipango ya robo mwaka, mimi nimeiweka simu juu ya daftari, uso juu, kinyume cha utaratibu, na nilikuwa namwomba Mungu vitu visivyoeleweka. Saa nne kasorobo simu ikatetemeka. Sauti. Kutoka kwake. Kwa haraka nikabonyeza vibaya, ikacheza kwa spika kikao kizima kikasikia.

Kwanza ilikuwa pumzi tu, na vyuma vya vitanda. Kisha sauti yake, nyembamba, imekwaruza. Siku zote alikuwa akianza na mkubwa wao, mimi nakuwa wa mwisho. Siku hiyo alianza na mimi, na alisema kwa Kiswahili, ili nielewe bila kutafsiriwa.

"Mwalimu. Mwanangu. Usiogope tena, nimeamka."

Akavuta pumzi, akaendelea na wenzake, kwa Kisukuma, mmoja mmoja. Mkuu wa idara alikuwa ameacha kusema. Nilisimama mbele yake na mbele ya wenzangu wote, nimeishika simu kwa mikono miwili karibu na mdomo, nikamwitikia huku nalia: mwangaluka mayu, mwangaluka mama yangu, na mimi nimeamka, tumeamka wote.